Kinara cha Hekalu na Kitanda cha Mgonjwa: Kuisoma Barua ya Luther Kuhusu Tauni

Mwaka 1527 mchungaji mmoja wa Breslau, mji ambao leo unaitwa Wrocław nchini Poland, alipata jibu la swali alilokuwa ameliuliza zaidi ya mara moja. Jina lake lilikuwa Johann Hess. Yeye na wachungaji wenzake walitaka kujua kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni inapoingia mjini. Aliyemjibu ni Martin Luther, na jibu lake lilichapwa kuwa kijitabu ili wengine nao wapate kulisoma. Sisi Walutheri tunaijua Katekisimo Ndogo, maana tumeikariri tangu darasa la Kipaimara. Hoja 95 tunazisikia kila Oktoba. Barua hii kwa Hess haitajwi sana. Tungependa kuisoma hapa pamoja na washarika, na kuipima pia, kwa kuwa si kila kilichotoka kwenye kalamu ya Luther kinastahili kupokelewa bila kuulizwa.

Tumeichagua kwa sababu ya neno moja linalosikika sana siku hizi kwenye mimbari, kwenye semina na kwenye mikutano ya injili, nalo ni kuthubutu. Mkristo anaambiwa achukue hatua ya imani, atoke kwenye chombo kama Petro, asiwe kama yule mtumwa aliyefukia talanta ardhini. Si neno baya. Imani isiyohatarisha chochote ni vigumu kuitofautisha na desturi, na Biblia imejaa watu walioondoka kwao bila kujua waendako. Lakini mara nyingi kuthubutu huku huhubiriwa kwa namna ambayo ukubwa wa hatari ndio unaogeuka kuwa kipimo cha imani. Anayetoa nusu ya mshahara ana imani kiasi, anayetoa wote ana imani kubwa, na anayekopa ili atoe ana imani ya kuhamisha milima. Mama mwenye genge la nyanya anashauriwa apande mbegu. Kwenye VICOBA bado anadaiwa, kwa hiyo anakwenda kuchukua mkopo wa kausha damu. Mbegu isipoota, anaambiwa imani yake ilikuwa ndogo. Aliyemhubiria hakuhatarisha hata nauli.

Swali la Hess lilikuwa zito kuliko hayo, maana lilihusu uhai wenyewe. Breslau ilikuwa imepigwa na tauni mwaka 1525. Luther alichelewa kujibu, na kabla hajamaliza, ugonjwa ukafika mlangoni pake. Mwanzoni mwa Agosti 1527 tauni iliingia Wittenberg. Mtawala wa Saxony, Johann, alimwagiza Luther aondoke na familia yake aende Jena, na chuo kikuu kikahamishiwa huko. Walimu na wanafunzi wakafungasha. Luther akabaki, pamoja na Johannes Bugenhagen, mchungaji wa mji, na wasaidizi wachache. Katika siku zile mke wa meya alikufa karibu mikononi mwa Luther. Kabla ya mwaka kwisha nyumba yake ilikuwa na wagonjwa wengi kiasi kwamba yeye mwenyewe aliiita hospitali. Kwa hiyo barua tunayoisoma haikuandikwa na mtu aliyekaa mbali akitoa ushauri kwa wengine.

Mtu aliyebaki namna hiyo tungetarajia aandike kwamba kila Mkristo wa kweli hubaki. Hapo ndipo barua inapotushangaza. Luther anaanza kwa kuwaheshimu wale wanaosema haifai kukimbia, kwamba tauni ni mkono wa Mungu na imetupasa kuungoja. Anakubali kwamba imani yao ina nguvu. Kisha anakataa kuifanya imani hiyo kuwa sheria kwa kila mtu. Kukwepa kifo, anasema, ni jambo ambalo Mungu mwenyewe ameliweka ndani yetu. Yakobo alimkimbia Esau, Daudi alimkimbia Sauli, Eliya alimkimbia Yezebeli, Paulo alishushwa ukutani ndani ya kapu huko Dameski, wala hakuna aliyehesabiwa kuwa ameikana imani. Halafu anatoa hoja ambayo ina ucheshi kidogo, kama kawaida yake. Kama tauni ni adhabu ya Mungu na ni dhambi kuikimbia, basi moto nao ni adhabu, tukae ndani ya nyumba inayowaka. Njaa nayo ni adhabu, kwa hiyo tusile.

Tunaipenda sehemu hii, na tungetamani isomwe katika kila usharika ambako mtu mwoga ameaibishwa mbele ya wenzake kwa jina la imani. Wako washarika wenye hofu ambao ni waaminifu. Luther anawapa ruhusa ya kuondoka kwa dhamiri safi, mradi sharti moja liwe limetimizwa, kwamba hawamwachi mtu aliye mikononi mwao.

Hapo ndipo barua inapokaza kamba. Luther anawataja waliofungwa, mmoja baada ya mwingine, kwa utulivu wa mtu anayesoma orodha ya zamu. Mchungaji amefungwa, kwa sababu watu wanaokufa wanahitaji Neno na Sakramenti. Hakimu na meya wamefungwa, kwa sababu mji usio na utawala huliwa na wezi. Watumishi hawana ruhusa ya kuwaacha mabwana zao, na mabwana nao hawana ruhusa ya kuwaacha watumishi wao. Wazazi wamefungwa kwa watoto, watoto kwa wazazi, walezi kwa yatima. Majirani pia, kama mgonjwa hana mwingine wa kumpa maji. Aliyefungwa hatakiwi kujiuliza kama ana imani ya kutosha. Anatakiwa kujiuliza nani atakayebaki peke yake iwapo yeye ataondoka.

Tuone tofauti iliyopo. Katika mahubiri tuliyoyataja, mtu huanzia ndani yake mwenyewe: nina imani kiasi gani, nithubutu kiasi gani, nitapata nini. Luther anamtoa mtu ndani ya nafsi yake na kumpeleka kwenye kitanda cha mtu mwingine. Mtu wa imani ndogo aliyefungwa kwa mgonjwa atabaki huku akitetemeka. Mtu wa imani kubwa ambaye hana aliyefungwa naye anaweza kwenda zake Jena akale chakula chake kwa shukrani. Katika hesabu hii ujasiri si kipimo cha chochote.

Baada ya waoga, Luther anawageukia majasiri, na kwao ana ukali zaidi. Anazungumza juu ya wanaokataa dawa, wanaokataa kuepuka nyumba zenye ugonjwa, wanaokwenda kunywa na kucheza pamoja na watu ili waonekane hawaogopi. Wanajiona wanamtegemea Mungu. Luther anasema wanamjaribu Mungu, maana Mungu ndiye aliyeumba dawa na ndiye aliyetupa akili ya kuutunza mwili. Yeye mwenyewe anaeleza atakavyofanya. Atamwomba Mungu, kisha atafukiza nyumba, atatumia dawa, ataepuka mahali na watu ambao hawamhitaji. Lakini jirani akimhitaji, hataepuka mahali wala mtu, atakwenda.

Jambo hili la dawa lilitugusa Walutheri wa Tanzania kwa karibu mwaka 2011. Wengi tunakumbuka foleni ya magari kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, na kikombe kilichotolewa kwa shilingi 500. Mzee aliyekitoa alikuwa mchungaji mstaafu wa kanisa letu. Amekwisha kupumzika, na si kazi ya makala hii kumhukumu. Lakini ukweli wa barabara ile hauwezi kufutwa. Wagonjwa mahututi walitolewa vitandani hospitalini wakapakiwa kwenye magari, na wapo waliofia njiani kabla ya kukifikia kikombe. Waliowapeleka waliwapenda. Walichukua hatua ya imani, na walioilipia hatua hiyo ni wagonjwa. Luther angeuliza swali lake lile lile: kule hospitalini, nani alikuwa amefungwa kwa mgonjwa huyu, na kwa nini ameondolewa mikononi mwake?

Sasa tufike mahali ambapo kwa maoni yetu barua hii ina uzito wake wote. Luther anawatia moyo wanaouguza wagonjwa kwa kuwapa Zaburi ya 91, ile ahadi ya malaika wanaoamriwa kumlinda mtu katika njia zake na kumchukua mikononi asijikwae mguu. Msharika anayeijua Injili ya Mathayo atasimama hapo, maana amewahi kuyasikia maneno hayo yakitoka kwenye kinywa kingine. Katika sura ya 4 Ibilisi alimpeleka Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe chini, na andiko alilolitumia lilikuwa hilo hilo. Yesu alikataa, akajibu kwa neno la Torati juu ya kutomjaribu Mungu.

Andiko ni moja, ahadi ni moja. Hatari zote mbili ni za kufa, moja kwa kuanguka na nyingine kwa tauni. Mbona basi kwenye kinara ni dhambi na kwenye kitanda cha mgonjwa ni utii? Mahubiri ya kuthubutu hayawezi kulijibu swali hili, kwa sababu hayana kipimo kingine zaidi ya ukubwa wa hatari, na kwa kipimo hicho kinara kingeshinda. Jibu linaonekana tukitazama chini ya kinara. Hakuna mtu pale anayehitaji Yesu aruke. Hakuna mgonjwa atakayenyweshwa maji, hakuna yatima atakayepata mlezi. Wako watazamaji tu, kama wapo. Kitandani kuna mtu. Ndiyo maana Luther anaunganisha uuguzi na Mathayo 25, mahali Kristo anaposema kwamba aliyemtazama mgonjwa alimtazama yeye. Kama tungeambiwa Kristo mwenyewe yuko nyumba ya tatu, ana homa, anasema Luther, kila mtu angekimbilia kumhudumia.

Tukikirudia chombo cha Petro tukiwa na kipimo hiki, hadithi inabadilika kidogo. Petro hakujitupa tu majini. Aliomba aamriwe, akangoja aitwe. Na mwisho wa safari yake hakuna aliyesaidiwa isipokuwa yeye, aliyevutwa mkono akiwa anazama, akaambiwa kwamba ana imani haba. Injili haimsifu kwa kutoka. Wenzake 11 waliobaki chomboni hawalaumiwi kwa neno hata moja, ingawa kwenye mimbari tumewalaumu vya kutosha. Talanta nayo ilikuwa mali ya bwana, tena mali nyingi, mshahara wa kibarua wa miaka karibu 20. Mtumwa aliambiwa aifanyie kazi kwa niaba ya mwenye mali. Kuisoma kama ruhusa ya kuweka rehani kiwanja cha watoto ni kusoma kitu ambacho hakikuandikwa.

Tumeisifu barua vya kutosha. Ina udhaifu, na udhaifu wake unatuhusu.

Kwanza, Luther anapowatia moyo wauguzi anakwenda mbali kuliko anavyoweza kuthibitisha. Anasema uzoefu unaonyesha kwamba wanaohudumia wagonjwa kwa upendo na uaminifu kwa kawaida hulindwa. Tunaelewa kwa nini aliandika hivyo. Mji ulikuwa unahitaji mikono. Lakini je, ni kweli? Mwezi Machi 2023 mkoa wa Kagera ulipatwa na ugonjwa wa Marburg. Watu 6 walifariki kabla ya mlipuko kutangazwa kwisha mwezi Juni, na mmoja wao alikuwa mtumishi wa afya. Hatuwezi kusimama mbele ya familia ya mtumishi wa namna hiyo na kusema kwamba kwa kawaida waaminifu hulindwa. Watatusikia tukisema kwamba ndugu yao hakuwa mwaminifu vya kutosha. Huo ndio ule mtego wa mbegu isiyoota, ila sasa umevaa joho la kichungaji.

Cha ajabu ni kwamba Luther ana jibu bora zaidi ndani ya barua hiyo hiyo. Anapoeleza mpango wake wa kufukiza na kuepuka, anamaliza kwa kusema kwamba Mungu akitaka kumchukua atampata popote alipo, naye atakuwa amefanya kilichompasa na hatakuwa na hatia ya kifo chake wala cha mwingine. Hapo hakuna ahadi ya kupona. Kuna dhamiri iliyotulia tu. Ni lugha ya wale vijana watatu wa Danieli sura ya 3, waliomwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, na kwamba hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu. Barua ina sauti mbili, na pale zinapogongana sisi tunaishika hii ya pili.

Udhaifu mwingine unakaribia mwisho. Luther anataja uvumi kwamba wako wagonjwa wanaojichanganya na watu makusudi ili waambukize. Anasema hajui kama aamini. Kisha, kana kwamba amekwisha kuamini, anataka watu hao wakamatwe na kukabidhiwa kwa mnyongaji. Kurasa chache nyuma alikuwa ametufundisha kumwona Kristo ndani ya mgonjwa, na sasa kwa sababu ya uvumi anatufundisha kumwogopa mgonjwa kama mwuaji. Wenye umri wetu wanakumbuka miaka ya mwanzo ya UKIMWI, jinsi uvumi wa aina hii ulivyozunguka vijijini na kuingia hadi kanisani, na jinsi vikombe na mabenchi yalivyotazamwa. Uvumi ule ulifanya kazi mbaya kuliko woga. Mwoga hukaa nyumbani tu. Anayeamini uvumi humfukuza mgonjwa kwake.

La tatu ndilo linalotusumbua zaidi, nalo ni kimya. Barua inaeleza nani amefungwa kwa nani, lakini haimtaji mwanamke aliyekuwa akiendesha ile nyumba iliyogeuka hospitali. Katharina von Bora alikuwa mjamzito. Mtoto wao wa kwanza, Hans, alikuwa na mwaka mmoja na miezi michache, naye aliugua katika kipindi hicho. Ndani ya nyumba hiyo hiyo walikuwamo wagonjwa wengine wa kutunzwa. Tarehe 10 Desemba 1527 Katharina alijifungua binti, Elisabeth. Mtoto huyo alifariki mapema Agosti 1528, akiwa hajafikisha miezi 8. Hatusemi kwamba tauni ndiyo iliyomwua, wala kwamba Luther alikosea kubaki. Tunasema kwamba aliposema nitakwenda, nitabaki, kulikuwa na watu wengine ndani ya hiyo nita-, na barua haiwahesabu.

Hili si jambo la karne ya 16 tu. Mwinjilisti anapopangiwa mtaa wa mbali usio na nyumba wala maji, sifa za kuthubutu huandikwa kwa jina lake, na ndoo hubebwa na mke wake. Mzee wa kanisa anapomdhamini mwenzake kwa mkopo na kuiita imani, dhamana ni nyumba ambayo watoto wanalala. Kiongozi anapotangaza kwamba usharika utaanza jengo la kanisa kwa imani, bila kujua fedha zitatoka wapi, wako wajane watakaopokea bahasha za michango kwa miaka 10. Pengine jengo linahitajika kweli. Lakini aliyethubutu na anayelipa si mtu mmoja, na heshima ya chini kabisa ni kumwuliza anayelipa.

Biblia inalijua jambo hili kuliko barua ya Luther. Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 23, Daudi akiwa ngomeni alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na Wafilisti walikuwa wameushika mji. Mashujaa wake watatu walisikia, wakapenya katikati ya jeshi la adui, wakateka maji, wakamletea. Tungetarajia Daudi ayanywe na kuwasifu. Yeye aliyamimina chini mbele za Bwana, akakataa kunywa kitu alichokiona kuwa ni damu ya watu waliohatarisha roho zao. Ni tendo gumu. Huenda mashujaa walichukia. Lakini ni mfalme aliyetambua kwamba tamaa yake, aliyoitamka bila kufikiri sana, ilikuwa karibu kuwaua watu watatu, na akakataa kunufaika.

Tena tuangalie Paulo anavyomwandika Epafrodito katika Wafilipi 2. Huyu alitumwa na usharika wake kumhudumia Paulo kifungoni, akaugua karibu ya kufa. Paulo anasema wazi kwamba mtu huyu alihatarisha roho yake kwa ajili ya kazi ya Kristo, na anataka aheshimiwe. Halafu anamrudisha nyumbani. Anajua kwamba Epafrodito anawatamani watu wake na kwamba anahuzunika kwa sababu wamesikia habari za ugonjwa wake. Anajua pia kwamba angepatwa na huzuni juu ya huzuni kama angekufa. Hakuna neno la kumtaka avumilie zaidi, hakuna ushuhuda mkubwa. Mtume anamhesabia Epafrodito gharama yake, anawahesabia na Wafilipi, kisha anampa ruhusa ya kwenda kupumzika. Tungependa kuona waraka wa namna hiyo ukiandikwa kwa mtumishi mmoja mmoja aliyekaa miaka mingi mahali pagumu.

Pamoja na udhaifu huo, barua kwa Hess inabaki kuwa silaha nzuri mkononi mwa msharika anayeambiwa athubutu. Anaweza kuuliza: ni nani aliye chini ya kinara hiki? Nikiruka, nani atakayepona njaa, nani atakayenyweshwa? Na nani wa nyumbani kwangu nitakayemvuta pamoja nami? Akikosa majibu, anaweza kushuka kwa ngazi bila aibu. Akiyapata, basi hata kama hajisikii kuwa na imani yoyote ya kujivunia, miguu yake inajua pa kwenda.

Mwisho wa barua hauna kishindo. Baada ya kuzungumza juu ya kifo, Ibilisi na malaika, Luther anaingia kwenye mambo ya utaratibu, kana kwamba ni katibu wa baraza la wazee akisoma matangazo. Anataka makaburi yawe nje ya mji, mahali penye utulivu ambapo mtu anaweza kwenda kutafakari kifo na ufufuo na kuomba. Makaburi ya Wittenberg yalikuwa yamegeuka njia ya kupita kila mtu, naye hakuficha uchungu wake. Kuhusu mvuke unaodaiwa kutoka makaburini na kuleta ugonjwa, anawaachia waganga waamue. Anawataka watu waje kusikia Neno wakiwa wazima, waungame na kushiriki Meza ya Bwana mara kwa mara, wapatane na jirani, waandike wosia. Na anaomba jambo moja kwa ajili ya wachungaji waliobaki, ambao walikuwa wachache na wagonjwa walikuwa wengi: waitwe mapema, mgonjwa akiwa bado na akili zake, anaweza kusikia na kujibu. Katika sharika zetu simu huja saa nane za usiku, mgonjwa akiwa amekwisha kufumba macho, na ndugu wakiuliza kama anaweza bado kupewa Chakula cha Bwana.